UCHAGUZI WA PROGRAMU NAFUU ZA KUHARIRI NA KUTULIZA PICHA ZA VIDEO: MWONGOZO KWA MTAFITI ASIYE FUNDI

Utangulizi

Utafiti wa fasihi simulizi na wa lugha zisemwazo umetegemea vyombo vya kunasia kwa muda mrefu. Kinasa sauti ndicho kilichotangulia, kikafuatwa na kamera ya video, na leo mtafiti aendaye nyanjani aghalabu huwa na simu ya mkononi ambayo kamera yake yatosha kabisa kwa shughuli hiyo. Lakini wepesi huo umekuja na taabu yake. Simu hushikwa kwa mkono mmoja, na mkono wa binadamu hautulii. Matokeo yake ni picha zinazochosha macho, zisizofaa kuonyeshwa darasani, na ambazo ni vigumu kufanyiwa uchambuzi wa kina.

Ziko programu za kompyuta ziwezazo kutuliza picha za namna hiyo, na baadhi yake hupatikana bila malipo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu hizo zifanyavyo kazi, kisha kutoa misingi ya kuzichagua kwa mtu ambaye uhariri wa video si kazi yake ya kila siku na ambaye hana fungu kubwa la fedha. Hoja inayotetewa ni kwamba bei isiwe kipimo cha kwanza. Kwa mtafiti wa lugha, programu iliyo bora ni ile inayomwezesha kujua ni kitu gani kimebadilishwa katika picha na kuyazuia mabadiliko asiyoyataka. Kutuliza picha ni kuibadilisha, na katika fasihi simulizi ile picha ni sehemu ya matini.

Kutetemeka, kutikisika na kuyumba

Wauzaji wa programu huzungumza juu ya mtikisiko kana kwamba ni kitu kimoja. Kiswahili kina maneno yanayousaidia uchambuzi zaidi, na inafaa yatumiwe.

Kwanza kuna kutetemeka. Huu ni mwendo mdogo wa haraka utokanao na misuli ya mkono, hata pale mpiga picha anaposimama tuli. Kasoro hii ndiyo iliyo rahisi kuondolewa, na karibu kila programu huimudu.

Pili kuna kutikisika, yaani mshtuko wa ghafla, kama ule uonekanao mpiga picha anapotembea na kila hatua ikairusha kamera juu na chini. Hapa tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu mshtuko huacha ukungu ndani ya picha yenyewe. Kamera inaposogea wakati nuru ingali inaingia, kila kitu hupakika. Programu yaweza kulirudisha pako hilo mahali pake, lakini haiwezi kulifuta. Ngoma za usiku huathirika zaidi, kwani penye nuru haba kamera huhitaji muda mrefu zaidi wa kuipokea nuru hiyo.

Tatu kuna kuyumba, mwendo wa polepole kama wa chombo kilichotia nanga, ambao mara nyingi hutokana na uchovu wa mpiga picha. Kuyumba hakuonekani kuwa kasoro kubwa, lakini ndiko kunakoidai programu gharama kubwa ya picha, kama itakavyoelezwa.

Jinsi utulizaji ufanyikavyo

Video ni mfululizo wa picha mgando ziitwazo fremu, na kwa kawaida sekunde moja huwa na fremu 25 au 30. Utulizaji hufanyika kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, programu huilinganisha kila fremu na iliyoitangulia na kukadiria kamera imesogea kiasi gani, imeelekea upande gani na imezunguka kwa pembe gani. Katika hatua ya pili hutunga njia mpya ya kamera iliyo laini kuliko ile ya kweli. Katika hatua ya tatu husogeza, huzungusha au hukuza kila fremu ili ilingane na njia hiyo mpya.

Mfano ulio wazi ni vid.stab, programu huria iliyotungwa na Georg Martius, ambayo hutumika ndani ya programu nyingine kadhaa. Kipimo chake cha ulainishaji kikiwekwa 10, programu hutazama fremu 10 zilizotangulia, fremu 10 zinazofuata, na ile fremu yenyewe, jumla fremu 21. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, muda huo haufiki sekunde moja. Watosha kuondoa kutetemeka, lakini kuyumba kunakochukua sekunde nne hakutaguswa sana. Mtumiaji akitaka kukuondoa hapana budi akiongeze kipimo, na kila akiongezapo ndivyo fremu zinavyosogezwa mbali zaidi na mahali pake pa asili.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Garrett Brown wa Marekani alibuni chombo cha kuvaliwa mwilini kiitwacho Steadicam, na filamu ya Bound for Glory ya mwaka 1976 ndiyo ya kwanza kukitumia. Chombo kile kiliizuia kamera isitikisike tangu mwanzo. Programu za leo hufanya kinyume, kwani huiacha kamera itikisike, kisha huitengeneza picha baadaye. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha hasara zinazofuata.

Hasara nne zisizotajwa na wauzaji

Hasara ya kwanza ni kukatwa kwa kingo. Fremu ikisogezwa upande mmoja, upande wa pili hubaki pengo jeusi. Programu nyingi hulificha pengo hilo kwa kuikuza picha na kuzikata kingo zake. Tuseme video ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na kila upande umekatwa asilimia 5. Kinachobaki ni nukta 1728 kwa 972, yaani asilimia 81 ya eneo. Kila upande ukikatwa asilimia 10, hubaki asilimia 64 tu. Anayehariri sherehe ya arusi huenda asijali. Lakini katika utambaji wa ngano, pembeni mwa picha ndipo walipo hadhira, na kiitikio cha hadhira ni sehemu ya utendaji. Picha tulivu iliyompoteza mwitikiaji ni picha iliyoupoteza nusu ya mazungumzo.

Hasara ya pili yafaa iogopwe zaidi, kwa kuwa haionekani. Baadhi ya programu hulijaza lile pengo kwa vipande vya fremu nyingine. Deshaker, programu ya Gunnar Thalin inayofanya kazi ndani ya VirtualDub, inaweza kuchukua vipande kutoka fremu zilizopita na zijazo. Nayo vid.stab, ikitumiwa kupitia FFmpeg bila kubadilishiwa maagizo, hubakiza kingoni picha ya fremu iliyotangulia. Maana yake ni kwamba mkono unaoonekana ukingoni yamkini si mkono wa wakati ule. Kwa mtu apendaye picha nzuri hilo ni jambo la kupendeza, lakini mtafiti anayelinganisha ishara ya mkono na silabi inayotamkwa atakuwa ameletewa ushahidi wa uongo. Katika programu zote mbili mtumiaji anaweza kuagiza pengo libaki jeusi, na mtafiti anashauriwa aagize hivyo.

Hasara ya tatu hutokea pale programu inaposhindwa kutofautisha mwendo wa kamera na mwendo wa wanaopigwa picha. Programu huchukulia kwamba vitu vingi vilivyomo katika fremu vimesimama. Dhana hiyo ni sahihi mtu mmoja anapohojiwa mbele ya nyumba. Katika ngoma huvunjika. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, ni ngoma ya kasi na nguvu. Safu ya wachezaji ikiijaza fremu na kutikisa mabega kwa pamoja, programu yaweza kuudhania mtikiso huo kuwa ni wa kamera. Hapo huwatuliza wachezaji na kuitikisa ardhi waliyosimama juu yake. Deshaker ina njia ya kuepuka kosa hili, kwani humruhusu mtumiaji kuainisha eneo la picha lisitumike katika kupima mwendo. Mtafiti huweza kuwatenga wachezaji, na programu ikapima kwa ukuta au mti ulio nyuma yao.

Hasara ya nne ni kupindwa kwa maumbo. Watafiti Feng Liu, Michael Gleicher, Hailin Jin na Aseem Agarwala walieleza mwaka 2009 njia ya kuipinda picha sehemu kwa sehemu badala ya kuisogeza yote kwa pamoja. Mwaka 2011 kampuni ya Adobe ilitoa Warp Stabilizer, ambayo nayo huweza kuipinda picha kwa namna hiyo. Njia hii hutoa picha laini ajabu, lakini sehemu mbalimbali za fremu moja hazitendewi sawa, na mara nyingine mlango ulionyooka huonekana ukinesa. Kwa sababu hiyo programu inayompa mtumiaji uwezo wa kuchagua kusogeza na kuzungusha peke yake humfaa zaidi mtafiti, hata kama matokeo yake si laini mno.

Uzito wa hasara hizi huonekana wazi kabisa katika lugha za ishara. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, na utafiti juu yake hauwezi kufanyika bila video. Tangu kazi ya William Stokoe ya mwaka 1960, wanaisimu wamekubali kwamba ishara huundwa kwa umbo la mkono, mahali ulipo, na mwendo wake. Basi programu ikiukata ukingo, huenda imelikata neno. Ikilijaza pengo kwa fremu nyingine, imeingiza umbo lisilotolewa na msemaji. Ikiipinda picha, imeugusa mwendo wenyewe. Hakuna mwanaisimu ambaye angekubali kinasa sauti kinachosahihisha irabu kwa hiari yake, na kamera yafaa ipimwe kwa kipimo hicho hicho.

Maana nne za unafuu

Neno nafuu lahitaji kufafanuliwa. Ziko programu huria, ambazo ni za bure na ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ziko za bure kwa masharti, ambazo kampuni huzitoa huku ikiuza toleo kubwa zaidi. Ziko za kununuliwa mara moja, na hatimaye ziko za kulipiwa kila mwezi au kila mwaka. Aina ya mwisho huonekana nafuu siku ya kwanza, lakini malipo yakikoma programu hufungwa, na kazi iliyohifadhiwa kwa mtindo wake haifunguki tena. Adobe iliingia njia hiyo mwaka 2013 ilipoacha kutoa matoleo mapya ya programu zake kuu kwa malipo ya mara moja.

Huduma za intaneti nazo zina gharama iliyojificha. Video iliyonaswa kwa kasi ya megabiti 16 kwa sekunde huchukua megabaiti 120 kwa dakika, yaani gigabaiti 7.2 kwa saa moja. Kuipeleka yote hadi kwenye huduma ya mbali na kuirudisha ni gharama inayoweza kuzidi bei ya programu. Tena huduma hizo hufa. YouTube ilikuwa na chombo chake cha kuhariri na kutuliza video, ikakifunga mwezi wa Septemba 2017. Windows Movie Maker, iliyowafundisha wengi uhariri, iliondolewa na Microsoft mapema mwaka huo huo. Mradi wa utafiti huweza kudumu miaka 20, na programu inayohifadhi kazi kwa mtindo wa siri ni mshirika asiyeaminika katika safari ndefu namna hiyo.

Programu za kufikiriwa

Kwa mwenye kompyuta ya kawaida, Shotcut na Kdenlive zinastahili kutazamwa kwanza. Zote mbili ni huria, hufanya kazi katika Windows, Linux na kompyuta za Apple, na hutumia vid.stab katika utulizaji. Shotcut imetungwa na Dan Dennedy na ni rahisi kidogo kujifunza. Kdenlive, iliyoanza mwaka 2002, ina nyenzo nyingi zaidi za kupanga vipande vingi. Sifa moja haina budi kuwavutia wasomi wa matini: zote mbili huhifadhi maagizo ya uhariri katika faili la maandishi ya kawaida. Hata programu ikitoweka, msomaji aweza kulifungua faili hilo na kuona kipande kipi kilikatwa wapi. Huo ni mfano wa uhariri unaoacha nyayo zake, kama vile mhariri wa utenzi anavyoonyesha tofauti za miswada.

Mwenye kompyuta yenye nguvu, hususan yenye kadi nzuri ya michoro na kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi, aweza kutumia DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Toleo la bure lina utulizaji wenye kuchagulika, kuanzia kusogeza tu hadi kurekebisha mtazamo. Toleo la malipo limeuzwa kwa miaka mingi kwa dola 295 za Marekani, hulipwa mara moja, na wengi wasio mafundi hawalihitaji. Lakini mtumiaji wa Linux atahadhari, kwa kuwa toleo la bure katika mfumo huo limekuwa halifungui video za simu za kawaida mpaka zigeuzwe kwanza.

Mwenye kompyuta ya Apple anayo iMovie tayari. Utulizaji wake, uliotolewa mwaka 2009, ni mwepesi kutumia, ila humpa mtumiaji mamlaka machache. Wafaa kwa kipande cha darasani kuliko kwa uchambuzi. Mwenye kompyuta kuukuu ya Windows atapata katika VirtualDub na Deshaker uwezo mkubwa kwa gharama sufuri, maadam awe na subira ya kujifunza maagizo mengi. Hatimaye ipo Gyroflow, programu huria isiyopima mwendo kutoka kwenye picha bali hutumia kumbukumbu za kihisi cha mwendo kilichomo ndani ya kamera, kama zile za GoPro. Kwa kuwa haitazami picha katika kupima, haiwezi kudanganywa na mabega ya wachezaji. Kwa mtafiti wa ngoma mwenye kamera ya aina hiyo, hiyo ndiyo iliyo salama zaidi.

Kuna programu nyingine nyingi za kibiashara zitolewazo bure ambazo huchapa nembo yao juu ya kila video mpaka mtumiaji alipe. Hizo hazifai kwa ushahidi wa kitaaluma.

Jinsi ya kuzijaribu

Kabla ya kuchagua, mtafiti anase dakika moja yenye mambo manne: mtu aliyeketi akizungumza, kundi linalocheza, mwendo wa kutembea na kamera, na mahali penye nuru haba. Kisha video hiyo hiyo ipitishwe katika programu mbili au tatu, na kila tokeo liwekwe kando ya asili yake. Itazamwe nguzo au kizingiti cha mlango kama kimebaki kimenyooka. Itazamwe mikono ya wale walio pembeni kama ingali ndani ya picha. Isikilizwe sauti kama inaenda sambamba na midomo.

Jambo hili la mwisho husahauliwa. Simu nyingi hazinasi fremu kwa kasi isiyobadilika; huongeza na kupunguza kadiri ya nuru na kazi iliyopo. Programu isiyotambua hali hiyo huweza kuiacha sauti ikachelewa kidogo kidogo hadi tofauti ikasikika. Shotcut na Kdenlive huitambua na hupendekeza faili ligeuzwe kwanza, na pendekezo hilo lafaa kukubaliwa.

Aidha, inafaa kukumbuka kwamba simu nyingi hutuliza picha zenyewe wakati wa kunasa, kwa kukata kingo bila kumwuliza mtu. Kingo zilizokatwa namna hiyo hazirudi. Palipo na stendi ya miguu mitatu, ni heri itumike na utulizaji wa simu uzimwe. Pasipo na stendi, mpiga picha arudi nyuma hatua mbili ili aache nafasi pembeni. Nafasi hiyo ndiyo itakayokatwa baadaye badala ya hadhira.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba utulizaji wa picha ni tendo la uhariri, na kwamba kila uhariri huacha kitu nje. Mtafiti asiye na fedha nyingi hana sababu ya kulalamika, kwani programu huria zilizotajwa humpa mamlaka yasiyopatikana katika baadhi ya programu za bei kubwa. Linalomtofautisha na mpenzi wa kawaida wa video ni nidhamu. Nakala ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, mahali pawili tofauti. Nakala iliyotulizwa itumike kwa kuonyeshwa, na iandikwe programu iliyotumika pamoja na vipimo vyake. Uchambuzi ufanywe juu ya asili, kwa mfano kwa kutumia ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck ya Isimunafsia huko Nijmegen, Uholanzi, ambayo huwezesha maelezo kuambatishwa na nyakati za video.

Fanani mzee huenda asinaswe mara ya pili. Kamera iliyotetemeka siku ile yaweza kusamehewa, kwa kuwa mtetemeko wake waonekana na kila mtu. Kilichofutwa kimya kimya kwa ajili ya kupendeza macho hakionekani, na vizazi vijavyo vya wasomi havitakuwa na njia ya kujua kwamba kiliwahi kuwapo.